Kuharakisha Ubanaji wa Video kwa Fraktali: Kumbukumbu za Kazi ya Kupunguza Utafutaji

Ubanaji wa video kwa fraktali ni njia ya kupunguza ukubwa wa faili kwa kutumia ufanano uliomo ndani ya picha yenyewe: kila sehemu ndogo ya picha huelezwa kuwa ni nakala ya sehemu nyingine iliyo kubwa zaidi ya picha hiyo hiyo, nakala iliyopunguzwa, ikageuzwa upande na kurekebishwa mwanga wake, na kinachohifadhiwa ni maelezo ya migeuzo hiyo badala ya picha. Tangu ilipobuniwa, njia hii imekuwa na ila moja kubwa. Kusimba, yaani kuitafutia picha maelezo hayo, huchukua muda mrefu mno, ilhali kusimbua, yaani kuirudisha picha kutokana na maelezo, ni kazi nyepesi ambayo hata mashine dhaifu huimudu. Makala haya yanakusanya yale ambayo mwandishi wake aliyaona katika miaka aliyoandika na kupima programu za aina hii, yakiwekwa pamoja na matokeo ya watafiti waliotangulia, na yanashikilia kwamba kasi iliyopatikana ilitokana zaidi na ujuzi wa kutambua ulinganishaji usiohitajika kuliko na nguvu za mashine.

Mizizi ya njia hii imo katika hisabati. Benoit Mandelbrot ndiye aliyelipa jina umbo la fraktali mwaka 1975, akimaanisha umbo ambalo sehemu zake hufanana na umbo zima. John Hutchinson akatoa mwaka 1981 nadharia inayoeleza jinsi seti ya migeuzo inayosinyaza inavyoweza kuzaa umbo la namna hiyo. Na Michael Barnsley, aliyekuwa Georgia Institute of Technology huko Atlanta, akaongeza pamoja na wenzake thioremu ya kolaji. Thioremu hiyo inasema kwamba ikiwa picha inaweza kufunikwa vizuri kwa nakala zake zilizosinyazwa, basi migeuzo iliyotoa nakala hizo, ikirudiwarudiwa kuanzia picha yoyote ile, itaishia kwenye picha inayokaribiana na ile ya awali. Katika toleo la Januari 1988 la jarida la BYTE, Barnsley na Alan Sloan, ambao mwaka uliotangulia walikuwa wameanzisha kampuni ya Iterated Systems, walieleza kwamba picha zaweza kubanwa kwa uwiano wa 10,000 kwa 1. Takwimu hiyo ilipata umaarufu mkubwa, lakini haikuwa rahisi kuirudia, kwa sababu picha zilizotajwa zilitengenezwa kwa msaada wa mtu aliyeongoza uchaguzi wa migeuzo, na picha ngumu ya rangi ilihitaji takribani saa 100 za kusimba na nusu saa ya kusimbua. Kwa maoni ya mwandishi, ahadi hiyo iliidhuru fani kuliko kuinufaisha, kwa kuwa watu waliuona uwiano wakasahau saa.

Aliyeufanya usimbaji uwe kazi ya mashine peke yake ni Arnaud Jacquin, mwanafunzi wa Barnsley, katika tasnifu yake ya mwaka 1989 na makala yake ya mwaka 1992. Yeye aliacha kutafuta migeuzo inayoifunika picha nzima kwa mkupuo mmoja, akaigawa picha katika miraba midogo isiyopandana, ambayo hapa itaitwa viraka lengwa, kisha akautafutia kila mmoja mraba mkubwa maradufu mahali popote katika picha hiyo hiyo, ambao hapa utaitwa kiraka chanzo. Kiraka chanzo hupunguzwa kwa kuchukua wastani wa pikseli nne nne hadi kilingane na kiraka lengwa, hugeuzwa kwa mojawapo ya namna 8 za kuzungusha na kupindua mraba, halafu thamani zake huzidishwa kwa namba moja, inayorekebisha tofauti kati ya weusi na weupe, na kuongezwa namba nyingine, inayorekebisha mwanga kwa jumla. Fundi cherehani anayetafuta kitambaa cha kuziba tundu hufanya kazi inayofanana na hiyo, ila yeye hutupa macho rundoni mara moja, na kompyuta haina jicho la namna hiyo.

Uzito wa kazi huonekana pale hesabu inapofanywa kwa ukamilifu. Yuval Fisher, katika kitabu alichokihariri mwaka 1995, alitoa mfano wa picha ya pikseli 256 kwa 256 iliyogawanywa katika viraka lengwa vya pikseli 8 kwa 8, ambavyo jumla yake ni 1,024. Viraka vyanzo vya pikseli 16 kwa 16 katika picha hiyo ni 58,081, na kila kimoja kikijaribiwa kwa namna 8 vinakuwa 464,648, kwa hiyo ulinganishaji wa picha moja tulivu unazidi milioni 475. Kinachohifadhiwa mwishoni ni biti 31 tu kwa kila kiraka lengwa, yaani baiti 3,968 kwa picha nzima, nao ni ubanaji wa takribani mara 16.5. Sasa msomaji afikirie video ya pikseli 352 kwa 288, ukubwa uliotumika sana katika utafiti wa miaka ya 1990. Kila fremu, yaani kila picha moja katika mfululizo wa video, ina viraka lengwa 1,584 na viraka vyanzo 92,001. Ulinganishaji unafika 1,165,836,672, na kwa kuwa kila ulinganishaji unagusa pikseli 64, sekunde moja ya video yenye fremu 25 inadai kuzidisha zaidi ya mara trilioni 1.8. Ndiyo maana katika video, tofauti na picha tulivu, swali la kasi halikuwa la kumstarehesha mtumiaji; lilikuwa swali la kama njia yenyewe ingetumika au isingetumika kabisa.

Hatua ya kwanza iliyompa mwandishi manufaa ilikuwa kupima ni mstari gani wa programu unaokula muda. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya C kwa kufuata maelezo ya Jacquin moja kwa moja hutumia karibu muda wake wote katika kitanzi kimoja cha ndani kabisa, kile kinachokokotoa namba mbili za kurekebisha kwa kila jozi ya viraka. Hisabati ya ukokotoaji huo, iitwayo njia ya miraba midogo kabisa, inahitaji jumla tano: jumla ya pikseli za chanzo, jumla ya miraba ya pikseli hizo, jumla mbili za aina hiyo hiyo kwa upande wa lengwa, na jumla ya mazao ya pikseli za pande zote mbili. Jumla nne za kwanza hazitegemei jozi. Za lengwa hukokotolewa mara moja kwa kila kiraka, na za chanzo hupatikana kwa jedwali la jumla limbikizi, ambalo hutoa jumla ya mstatili wowote kwa kusoma thamani nne tu. Kwa hiyo ndani ya kitanzi hubaki jumla moja, ile ya mazao, na picha iliyopunguzwa nusu huandaliwa kabla utafutaji haujaanza badala ya wastani wa pikseli nne kukokotolewa upya kila mara. Mabadiliko haya hayagusi ubora hata kidogo, kwa kuwa jibu linabaki lile lile, na mtu anayeruka hatua hii ili akimbilie mbinu za kijanja zaidi hupoteza faida isiyo na gharama.

Jambo la pili lililojitokeza katika upimaji lilihusu mpangilio wa data katika kumbukumbu ya kompyuta. Prosesa haisomi baiti moja moja. Huvuta fungu la baiti zilizofuatana, ambalo katika mashine nyingi za leo ni baiti 64, na kuliweka katika hifadhi ya haraka iliyo kando yake. Kiraka cha pikseli 8 kwa 8 kina baiti 64 kamili, lakini kikisomwa kutoka katika picha iliyopangwa safu kwa safu, pikseli zake hutawanyika katika safu 8, hivyo huhitaji mafungu yasiyopungua 8. Viraka vyanzo vikinakiliwa kila kimoja mahali pake kwa mfululizo, kila kiraka huwa fungu moja, ila nakala za viraka vyote 92,001 huchukua karibu baiti milioni 5.9, kiasi ambacho hakikutosha katika hifadhi ya haraka ya mashine za wakati ule. Suluhisho lilikuwa kugeuza mpangilio wa vitanzi, yaani kuchukua kundi dogo la viraka vyanzo na kulilinganisha na viraka lengwa vyote kabla ya kuliacha, badala ya kumaliza lengwa moja baada ya jingine. Prosesa zilizotoka kuanzia mwaka 1997 zikiwa na amri za MMX, zinazozidisha namba nne za biti 16 kwa wakati mmoja, ziliongeza kasi hiyo zaidi.

Hata hivyo, mbinu za namna hii hufanya kila ulinganishaji uwe mwepesi bila kupunguza idadi yake, na faida kubwa ilikuwa katika kupunguza idadi. Jacquin mwenyewe aliviainisha viraka katika makundi matatu, yaani vilivyo laini, vyenye ukingo unaokata, na vilivyo katikati ya hali hizo, ili kiraka kilinganishwe na vya kundi lake tu. Fisher akaongeza idadi ya makundi hadi 72 kwa kupanga robo nne za kiraka kwa wastani wa mwanga wake na kwa mtawanyiko wa thamani zake. Dietmar Saupe, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Freiburg nchini Ujerumani, alifika mbali zaidi mwaka 1995. Alionyesha kwamba kiraka kikiondolewa wastani wake na kupewa urefu wa kipimo kimoja, kama vekta zinavyopewa, basi chanzo kinachofaa zaidi ndicho kilicho karibu zaidi na lengwa, au na kinyume cha lengwa, katika anga la vipimo vingi. Kwa uthibitisho huo tatizo la picha liligeuka kuwa tatizo la kutafuta jirani wa karibu, ambalo wataalamu wa sayansi ya kompyuta walikwisha kulitengenezea miti ya utafutaji: mti uliosawazika wenye viraka 92,001 una kina cha ngazi 17 hivi, na mtafutaji hutembelea matawi machache badala ya majani yote. Kizuizi ni kwamba miti hiyo hudhoofika vipimo vinapokuwa vingi, kwa hiyo kiraka chenye pikseli 64 hufupishwa kwanza hadi thamani 16 hivi, na jirani anayekubaliwa huwa wa karibu ya kutosha, si lazima awe wa karibu kuliko wote.

Ubora wa wazo la Saupe, kwa macho ya mwandishi, ni kwamba liliiondoa fani katika ubunifu wa makundi ya kubahatisha na kuipa msingi unaoweza kuthibitishwa. Mwaka 1996 yeye na Hannes Hartenstein walieleza pia jinsi jumla ya mazao ya kiraka lengwa kimoja na viraka vyanzo vyote inavyoweza kupatikana kwa mkupuo mmoja kwa mgeuzo wa haraka wa Fourier, bila kubadilisha jibu la utafutaji kamili. Na mwaka huo huo Saupe aliandika kwamba zile namna 8 za kuzungusha na kupindua hazina faida ya maana, kwa sababu mtu anaweza kupata ubora ule ule kwa kupanua tu idadi ya viraka vyanzo. Katika programu ya mwandishi, kuziondoa namna saba na kubakiza moja kulipunguza kazi kwa karibu sehemu saba za nane huku macho yasione tofauti. Kisha mwaka 1997 Matthias Ruhl na Hartenstein walithibitisha kwamba kupata usimbaji ulio bora kuliko wote ni tatizo lililo katika daraja la magumu ambalo wanahisabati huliita NP-gumu, maana yake hakuna algoriti ya haraka inayojulikana ya kulimaliza. Uthibitisho huo ulileta nafuu, kwa kuwa ulihalalisha mbinu za kukaribia jibu: hata utafutaji kamili wa Jacquin haukuwa ukitoa jibu bora kabisa, bali kolaji bora kwa kila kiraka peke yake.

Viraka laini vinastahili kutajwa peke yao. Anga, ukuta na nguo zisizo na nakshi huchukua sehemu kubwa ya fremu za kawaida, na kiraka ambacho thamani zake hazitofautiani kwa kiasi cha maana hakihitaji chanzo chochote. Huelezwa kwa wastani wake tu. Kwa upande wa pili, chanzo kilicho laini hakiwezi kumsaidia lengwa mwenye ukingo, kwa hiyo kinaweza kufutwa katika orodha kabla ya utafutaji.

Katika video, lakini, kitu chenye thamani kuliko miti na migeuzo yote ni wakati. Watafiti wa mwanzo waliutazama wakati kama kipimo cha tatu cha picha: Lazar na Bruton wa Chuo Kikuu cha Calgary, mwaka 1994, waligawa video katika vijisanduku vyenye urefu, upana na muda, wakatafuta ufanano kati ya sanduku kubwa na dogo. Ni wazo lenye uzuri wake, ila linaongeza utafutaji badala ya kuupunguza. Njia nyepesi ni kuchukua fremu iliyotangulia kuwa ghala la vyanzo. Mwendo kati ya fremu mbili zilizofuatana ni mdogo, kwa hiyo dirisha la pikseli 7 kila upande lina mahali 225 tu pa kujaribu, badala ya majaribio 736,008 ya utafutaji kamili, nayo ni nafuu ya zaidi ya mara 3,000. Isitoshe, chanzo kikiwa katika fremu ambayo tayari imesimbuliwa, msimbuaji hana haja ya kurudiarudia migeuzo hadi picha itulie. Hatua moja humtosha.

Mwandishi alijifunza mengi kwa kutazama fremu za Akiyo, video fupi ya majaribio inayotumiwa na watafiti duniani kote, inayomwonyesha mtangazaji wa habari aliyeketi mbele ya mandhari yasiyosogea. Kila fremu ikisimbwa peke yake kwa utafutaji kamili, mandhari yale yaliyotulia huanza kumetameta. Chanzo cha hali hiyo ni kwamba kiraka cha ukutani kilichojipatia chanzo chake usoni au begani mwa mtangazaji hulazimika kutafuta chanzo kingine pindi kichwa kinapotikisika, na kosa dogo la chanzo kipya halifanani na kosa dogo la kile cha zamani. Jicho la mtu, ambalo lingevumilia kosa lolote kati ya hayo mawili, halivumilii kubadilishana kwao mara 25 kwa sekunde. Tiba yake ni kuanza kila utafutaji kwa kujaribu chanzo kilichotumika katika fremu iliyopita, na kukishikilia maadamu kosa lake halijavuka kikomo kilichowekwa. Katika Akiyo viraka vingi huishia hapo hapo bila utafutaji wowote. Kumetameta hukoma na muda hupungua kwa pamoja, na hii ni mojawapo ya nafasi adimu katika kazi ya ubanaji ambapo kasi na ubora havinyang'anyani.

Video nyingine ya majaribio, iitwayo Foreman, inayomwonyesha msimamizi wa ujenzi akiwa amevaa kofia ngumu nyeupe, hufundisha kinyume chake. Maadamu mtu yule anazungumza, ukingo wa kofia yake hupatikana kwa urahisi katika fremu iliyotangulia, mahali palipo pikseli moja au mbili kando. Kamera inapogeuka kuelekea kwenye jengo, eneo jipya huingia kwenye fremu kutoka ukingoni, na hapo fremu iliyotangulia haina jibu, kwa sababu kitu hicho hakikuwamo. Ni katika viraka hivyo vichache tu ambapo utafutaji wa fraktali ndani ya fremu yenyewe hurudi kuwa na kazi, na programu nzuri ni ile inayoutunza muda wake kwa ajili yao. Kim, Kim na Lee, katika makala yao ya mwaka 1998, walilipa wazo hili umbo la kihisabati: fremu kadhaa za mwanzo hukadiriwa kwa duara, kila moja kutokana na ile iliyoitangulia na ya kwanza kutokana na ya mwisho, na fremu zinazofuata hukadiriwa moja kwa moja bila sharti la kusinyaza.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo vitabu vingi vya fani hii hulipita haraka. Kiraka chanzo kilicho na ukubwa sawa na lengwa, kilichochukuliwa karibu yake katika fremu iliyotangulia, na kuongezewa marekebisho madogo ya mwanga, hakina tofauti kubwa na ufidiaji wa mwendo, yaani mbinu ya kukisia fremu kwa kusogeza vipande vya fremu iliyotangulia, ambayo tayari ilikuwa msingi wa kiwango cha MPEG-1 cha mwaka 1993. Kila hatua iliyoiharakisha fraktali katika video iliivuta karibu na washindani wake, na sehemu iliyobaki ya kifraktali ikawa ndogo. Iterated Systems walifanikiwa katika picha tulivu za ensaiklopidia ya Encarta ya Microsoft, ambapo picha husimbwa mara moja kiwandani na kutazamwa mara nyingi, na bidhaa yao ya video, ClearVideo, ilisambazwa katika miaka ya 1990. Lakini viwango vya kimataifa vilifuata njia ya mgeuzo wa kosaini, na kiwango cha H.264 cha mwaka 2003 kikaimarisha ushindi huo. Mwandishi haoni kwamba kazi ile ilikuwa bure. Uthibitisho wa Saupe ungali sahihi, na mbinu ya kugeuza ulinganishaji wa viraka kuwa utafutaji wa majirani hutumika leo katika kusafisha picha zenye chenga na katika kuzikuza.

Kuna pia jambo la uaminifu katika kuripoti kasi. Programu inayosemwa kuwa na kasi mara mia huwa haijasema kitu mpaka iseme ni biti ngapi zilitumika na ubora ulikuwa desibeli ngapi, kwa kuwa kila mtu anaweza kupata kasi kwa kukubali chanzo cha kwanza kinachojitokeza. Vile vile kasi ipimwe dhidi ya utafutaji kamili ulioandikwa vizuri, wenye jumla zilizoandaliwa mapema, na si dhidi ya ule ulioandikwa ovyo. Mwandishi amesoma ripoti kadhaa ambazo faida yake ingeyeyuka kama kipimo hicho kingetumika.

Prosesa za michoro, ambazo tangu mwaka 2007 zinaweza kuandikiwa programu za hesabu za kawaida kupitia CUDA ya kampuni ya NVIDIA, zimeufanya hata utafutaji kamili uvumilike, kwa kuwa kila kiraka lengwa hutafutiwa chanzo bila kumsubiri mwenzake. Hataza za Barnsley na Sloan za mwanzoni mwa miaka ya 1990 nazo zimekwisha muda. Kwa hiyo vikwazo viwili vilivyomzuia mtafiti wa wakati ule, gharama ya mashine na haki za kampuni, havipo tena, na programu ya FIASCO ya Ullrich Hafner, inayobana picha na mifululizo ya picha kwa njia iliyo jamaa na hii, imo katika mkusanyiko wa Netpbm ikiwa na msimbo wake wote wazi. Mwanafunzi anayejua lugha ya C na anayetaka kuingia katika kazi hii aipakue, aiendeshe kwenye Akiyo na Foreman, apime muda unakwenda wapi, ndipo aanze kubadilisha mstari wa kwanza.